Siku ya Stefano: Kutoka Miwaleni hadi Nyumba ya Kidia

Sisi watu wa Kahe tuna neema moja ambayo ndugu zetu wa mlimani hawana: tunauona mlima. Wao wanaoishi Kibosho, Old Moshi au Marangu wamekaa juu yake, na migomba na mabonde huwazuia wasiuone. Sisi tuliopo huku tambarare, kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, tukitoka nje alfajiri tunaviona Kibo na Mawenzi wazi, kuanzia ukanda wa msitu hadi vileleni. Ikifika saa tatu mlima hujifunika, na mgeni aliyechelewa kuamka huondoka akidhani tunamdanganya.

Asubuhi ya Jumanne, Desemba 26, 2023, mlima ulikuwa wazi. Tulikusanyika mbele ya kanisa tukiwa watu thelathini na mmoja: watoto wa darasa la kipaimara, wazee wa kanisa wanne, akina mama wa kwaya, mwinjilisti wetu na sisi tuliopewa kazi ya kuwachunga. Basi dogo tulilolikodi lilichelewa karibu saa nzima, lakini hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa ilikuwa sikukuu. Kwa watu wengi siku hiyo ni ya kufungua zawadi. Katika kalenda ya Kanisa ni siku ya Stefano, shahidi wa kwanza.

Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Asubuhi tuanzie kwenye chemchemi za Miwaleni, hapahapa Kahe. Mchana tupande Kidia, Old Moshi, tuone nyumba ya zamani ya wamisionari na maporomoko ya maji. Jioni turudi. Ilikuwa safari ya mapumziko. Tunaiandika hapa kwa sababu swali la mtoto mmoja liliigeuza kuwa safari ya namna nyingine.

Maji yanayotoka gizani

Miwaleni imepata jina lake kutokana na miwale, ile miti ya jamii ya minazi yenye makuti marefu kupita kiasi, inayopenda kusimama penye maji. Ukifika pale wakati wa kiangazi, umetoka kwenye vumbi na jua la tambarare, ghafla unaingia kivulini. Maji yanabubujika chini ya mizizi, meupe hata unaona mchanga ukicheza chini na samaki wakipita. Watoto wetu, ambao wengine huja pale kila wiki kuchota maji au kunywesha ng'ombe, siku ile walisimama kimya kama wageni. Mahali unapopazoea hubadilika ukienda kupatazama tu, bila ndoo mkononi.

Tulifanya ibada fupi. Tuliwakumbuka wenzetu wa Katesh, Hanang, ambao mwanzoni mwa mwezi uleule tope la mlimani lilikuwa limewafunika. Kisha tukawaeleza watoto maji haya yanatoka wapi. Mvua inanyesha juu kabisa, msituni. Sehemu yake inashuka kwa mito tunayoijua. Lakini sehemu nyingine inazama kwenye miamba ya volkano, inasafiri chini ya ardhi isikoonekana na mtu, inapita chini ya vihamba, chini ya barabara kuu, na inapofika hapa ambapo mteremko unakutana na tambarare inatoka nje. Kwa maji haya tunapata mahindi, mpunga, ndizi na mboga. Yakitoka kwetu yanaingia mto Ruvu, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, yanakutana huko na maji ya Kikuletwa, na kutoka hapo yanaitwa Pangani hadi baharini.

Mzee mmoja wa kanisa aliongeza neno. Alisema, "Wanangu, kile kinachotendeka juu kinafika kwetu. Kikichelewa, kinafika." Alikuwa anasema juu ya ukataji wa miti. Hatukujua kwamba kabla ya jua kutua tungeyarudia maneno yake kwa jambo jingine.

Stesheni

Tulisimama kidogo kwenye stesheni ya reli ya Kahe. Watoto wa leo wanaijua kwa treni ya abiria iliyorudi Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya kimya. Lakini reli yenyewe ina umri mkubwa. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, na ikafika Moshi mwaka 1911. Kwa sababu ya reli hiyo, Moshi tunayoiita mji leo ilizaliwa chini, na ile ya juu, iliyokuwa makao ya Wamangi na boma la Wajerumani, ikaanza kuitwa Old Moshi.

Mwezi Machi 1916 vita vilifika hapa Kahe. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts, likiwa na askari wengi kutoka Afrika Kusini, lilipigana na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck. Wajerumani walikuwa na mzinga mkubwa ulioopolewa kutoka manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Machi 21 walilazimika kuiacha Kahe, wakavuka Ruvu na kurudi kusini wakifuata reli. Vitabu vya vita huandika majina ya majenerali. Lakini katika vita ile makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa njaa, kuhara na uchovu, si kwa risasi. Walikuwa wanabeba mizigo ya ugomvi wasiouanzisha. Tuliomba sala fupi pale, tukapanda basi.

Tunapanda

Kila aliyewahi kuwa Kilimanjaro wakati wa Krismasi anajua barabara zinavyokuwa. Magari yametoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Kila kihamba kina moshi wa jiko na kila uwanja una viti vya kukodi. Baada ya Kiboriloni tuliiacha barabara ya lami, tukaanza kupanda taratibu kati ya migomba na kahawa. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi na njia ilikuwa na utelezi. Mara mbili vijana walishuka kusukuma. Watu waliokuwa wakichoma nyama kando ya njia waliacha mishikaki yao wakaja kusaidia, wakitutania, "Watu wa Kahe, leo mmepotea njia!"

Utani huo una historia. Watu wa juu na watu wa chini wamehitajiana siku zote. Familia nyingi zina kihamba mlimani na shamba tambarare. Kule ndiko kwenye makaburi ya babu, huku ndiko kwenye mahindi. Hata hivyo neno "chini" huweza kusemwa kwa dharau, na sisi wa Kahe tunalisikia. Kwa hiyo watoto wetu walipanda wakiwa na shauku, na pia na haya kidogo, kama mtu anayekwenda kwa ndugu tajiri.

Nyumba

Kidia imetulia. Kanisa, shule, miti mirefu, na nyumba ya wamisionari yenye kuta nene. Ndani mna baridi hata saa sita mchana. Mbao zinalia ukikanyaga. Akina mama waligusa fremu za madirisha kwa vidole. Ukitoka nje ukitazama kusini, tambarare yote iko chini yako, na huko mbali, katika ukungu wa joto, ndiko kwetu. Mtoto mmoja alisema, "Kumbe wao wanatuona sisi kama sisi tunavyouona mlima." Tulicheka, lakini alisema kweli.

Tulikaa kwenye nyasi tukaeleza historia kwa utaratibu, kwa sababu wengi wetu tunayo vipande vipande.

Mei 11, 1848, Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Waanglikana cha CMS, aliuona mlima huu akiwa njiani kutoka pwani. Aliona kitu cheupe kileleni. Kiongozi wake wa njia alimwambia tu kwamba ile ni baridi. Rebmann akaelewa ni theluji, akaandika hivyo, na mtaalamu mmoja wa London, Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alimkatalia kwa miaka mingi.

Mwaka 1885 CMS walianza kituo Moshi, katika nchi ya Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Rindi alikufa mwaka 1891, akarithiwa na mwanawe Meli, aliyekuwa bado kijana. Juni 1892 Wajerumani walipanda na jeshi lao kumshambulia. Meli aliwashinda, na kamanda wao von Bülow alikufa katika mapigano hayo. Wamisionari Waingereza walishukiwa na Wajerumani kuwa upande wa Meli, wakalazimika kuondoka kwenda Taveta. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, Gavana von Schele akiwa mbele, na safari hii Meli alishindwa.

Mwaka huohuo wa 1893 ndipo wamisionari wa Leipzig, baba zetu katika imani ya Kilutheri, walipofika Kilimanjaro. Walianza Machame, mwaka 1894 wakaenda Mamba, na mwaka 1896 wakaanza kituo hapa Moshi ya zamani. Tuliwaomba watoto wapange miaka hiyo kwa vidole: 1892, 1893, 1896. Hatusemi kwamba Injili ililetwa na bunduki. Wale ndugu walikuja na Biblia, dawa na majembe, na wengine walilipa kwa maisha yao. Lakini njia waliyopita ilikuwa imefunguliwa na bunduki, na mtu akitaka kuielewa nyumba hii lazima alijue hilo.

Kisha tukaeleza upande wa baraka, ambao nao ni mkubwa. Katika vituo hivi lugha zetu ziliandikwa. Katika vituo hivi watoto wa watu wa kawaida, si watoto wa Wamangi tu, walijifunza kusoma. Hapa Kidia aliishi Bruno Gutmann, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902, akahudumu hapa kuanzia 1910 hadi 1920, na tena kuanzia katikati ya miaka ya 1920 hadi 1938. Wakati ambapo Wazungu wengi waliamini kwamba Mwafrika hana sheria wala mafundisho yanayostahili kuandikwa, Gutmann aliketi na wazee akiwasikiliza. Mwaka 1926 alitoa kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga, na baadaye mabuku matatu ya mafundisho waliyopewa vijana na wazee wao. Alifundisha kwamba Mungu amemfunga mwanadamu na wenzake kwa vifungo vya ukoo, ujirani na rika, na kwamba Kanisa lisivikate bali livibariki.

Wapo waliomlaumu, na lawama hiyo haikuwa bure. Walisema alitaka Wachaga wabaki katika jana yao wakati kahawa, shule na fedha vilikuwa vinawapeleka kesho. Lakini hata wanaomlaumu husoma vitabu vyake. Tena tusisahau kwamba maneno yaliyomo hayakuwa yake. Yalitoka vinywani mwa wazee wa Old Moshi, na majina yao hayako juu ya jalada.

Na mwaka 1920 Waingereza walipowaondoa wamisionari Wajerumani, nyumba hii ilibaki na Kanisa halikufa. Walimu wa Kichaga ndio waliofundisha, waliozika na kuombea wagonjwa, hadi wamisionari wengine walipokuja na wale wa Leipzig waliporuhusiwa kurudi. Miaka ile michache ilionyesha Kanisa ni la nani. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT, aliyewekwa kuliongoza alikuwa mtoto wa Mamba, aliyezaliwa mwaka 1906, Askofu Stefano Moshi.

Swali

Tulidhani tumemaliza. Tulikuwa tunataka kuwapa watoto soda, tuende kwenye maporomoko. Ndipo binti mmoja wa kipaimara, msichana mpole ambaye darasani husema mara chache, aliponyosha mkono.

"Mchungaji, Mangi Meli alinyongewa wapi?"

Tulimwambia kwamba si mbali na hapa.

"Mwaka gani?"

"Mwaka 1900, Machi 2."

Akahesabu kwa vidole, kama tulivyomfundisha. "Basi kituo hiki kilikuwa na miaka minne. Mchungaji, siku ile watu wetu wananyongwa, Kanisa lilikuwa wapi?"

Mzee mmoja wa kanisa, yuleyule aliyesema neno kule Miwaleni, alimkemea. "Binti, shikamoo haijakutoka vizuri leo! Hatukupanda huku kuwahukumu waliotuletea Injili. Leo ni sikukuu."

Binti aliinamisha kichwa. Hakuna aliyesema neno. Sisi tuliosomea theolojia miaka mingi, tuliofundishwa kujibu maswali ya Utatu na ya neema, tulijikuta hatuna neno tayari. Ilikuwa rahisi kumuunga mkono mzee, ambaye tunamheshimu, na kugawa soda. Lakini tulikumbuka sura ya nne ya kitabu cha Yoshua. Wana wa Israeli walipovuka Yordani waliamriwa kusimamisha mawe kumi na mawili, ili watoto watakapouliza maana ya mawe yale, baba zao wawajibu. Mawe yaliwekwa ili mtoto aulize. Sasa sisi tumemleta mtoto mbele ya mawe, ameuliza, na tunamnyamazisha?

Tukasema, "Mzee wetu, tusamehe. Twendeni kwanza tupaone mahali penyewe, halafu tujibu."

Penye mti

Tulikwenda hadi penye mti ambao watu wa Old Moshi wanauonyesha kuwa ndipo waliponyongwa. Ipo sanamu ya Mangi Meli pale. Hapo ndipo siku ile Kapteni Kurt Johannes alipowanyonga watu 19 walioshitakiwa kupanga uasi: Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha, na wengine wa Kilimanjaro, Meru na Arusha. Wazee wanasimulia kwamba Meli alikaa muda mrefu kamba shingoni bila kufa. Baada ya hapo kichwa chake kilikatwa na, kwa ushuhuda wa ukoo wake, kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alitumia maisha yake yote kukidai.

Miezi michache kabla ya safari yetu, Septemba 2023, vipimo vya vinasaba vilikuwa vimeyaunganisha mafuvu matatu na ndugu wanaoishi huku kwetu. Mmoja wa waliotambuliwa alikuwa mshauri wa Meli. Meli mwenyewe hakuwamo. Novemba mosi mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu zetu. Watoto walikuwa wamelisikia hilo redioni. Kumbe swali la binti halikutoka hewani.

Tuliketi chini. Tukafungua Matendo ya Mitume, mwisho wa sura ya saba, somo la siku ya Stefano, akasoma binti mwenyewe. Alipofika pale ambapo mashahidi wanaweka nguo zao miguuni pa kijana aitwaye Sauli, tulimwomba asimame hapo.

Tulisema hivi. Tazameni, Sauli hakurusha jiwe. Alisimama tu, akalinda nguo. Na ni nani aliyetuandikia habari hii? Ni Luka, mwenzake Paulo, aliyesafiri naye. Angeweza kuuacha mstari huo kwa heshima ya mwalimu wake. Hakuuacha. Tena Paulo mwenyewe, katika sura ya 22, anaikiri mbele ya watu habari ya zile nguo. Kanisa la kwanza lilimpenda Paulo, likasoma nyaraka zake, likaishi kwa mafundisho yake, na halikuzificha nguo. Bila zile nguo hatuwezi kuelewa neema aliyopewa ni kubwa kiasi gani.

Basi, mwanangu, jibu la swali lako ni hili. Kanisa lilikuwa hapahapa, karibu. Nyumba ilikuwa imesimama. Serikali iliyowanyonga hawa ilikuwa serikali iliyowalinda wamisionari, na walisema lugha moja. Nyumba ile ilisimama kando kama Sauli, na nguo miguuni pake. Tunaweza kuipenda nyumba, kumshukuru Mungu kwa kila aliyejifunza kusoma ndani yake, na bado tuseme hivyo. Kusema hivyo siyo kuwahukumu baba zetu. Tunafanya kama alivyofanya Luka.

Tukaimba wimbo mmoja kutoka Tumwimbie Bwana. Sauti za akina mama zilitetemeka. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na ndizi begani alisimama, akavua kofia, akangoja tumalize, akaendelea na njia yake.

Ng'ombe wa Meru

Kwenye maporomoko tulikaa nusu saa tu. Maji yanashuka kwa kishindo ukutani penye majani mabichi, na rasharasha yake inakulowesha ukiwa bado mbali. Watoto walirudia utoto wao, wakapiga kelele, wakalowa. Hilo nalo tunamshukuru Mungu.

Mzee wetu hakushuka na wengine. Alikaa juu ya jiwe, mkongojo kati ya magoti. Tulimfuata tukihofu kwamba tumemvunjia heshima mbele ya watoto.

"Hapana, Mchungaji," alisema. "Nina jambo. Baba yangu alizaliwa mlimani, sisi tulishukia Kahe baadaye. Nikiwa mdogo, kwa babu kulikuwa na ukoo wa ng'ombe walioitwa ng'ombe wa Meru. Nikauliza kwa nini. Babu akaniambia nyamaza. Nikanyamaza miaka sabini."

Msomaji asiyejua kisa hiki tumweleze. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, pamoja na baadhi ya wasaidizi wao Wachaga. Tunawakumbuka kama mashahidi, na ni haki. Lakini kilichofuata hatukisimulii sana. Kapteni Johannes, huyohuyo wa mwaka 1900, aliongoza jeshi la kulipiza kisasi dhidi ya Wameru na Waarusha. Pamoja na askari wake walikwenda wapiganaji wengi wa Kichaga. Watu waliuawa, migomba ikakatwa, nyumba zikachomwa, na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kuja Kilimanjaro.

"Kwa hiyo," mzee aliendelea, "yule mtoto ameuliza Kanisa lilikuwa wapi mwaka 1900. Mimi najiuliza babu yangu alikuwa wapi mwaka 1896. Nimenywa maziwa ya ng'ombe wale. Nimemkemea mtoto kwa sababu alikuwa ananiuliza mimi."

Hatukumhubiria. Tulikaa naye tukisikiliza maji. Baadaye alishuka mwenyewe, polepole, akamwita yule binti, wakasimama pembeni wakizungumza. Hatukusikia walichoambiana. Tuliona tu kwamba binti aliinama akampa shikamoo upya kwa mikono miwili, na mzee akamwekea mkono kichwani kama tufanyavyo kwenye kipaimara.

Kurudi

Tulifika Kahe jua limeshazama. Mlima ulikuwa umejifunua tena kwa dakika chache, mweusi, na kileleni mwanga mwembamba. Mzee alisema kabla ya kushuka basini, "Nilisema asubuhi kwamba ya juu yanafika chini, hata yakichelewa. Leo yamefika."

Ndivyo tulivyoiona historia tangu siku ile. Damu iliyomwagika mwaka 1896 na mwaka 1900 haikukauka. Ilizama. Imesafiri chini ya vihamba vyetu, chini ya makanisa na shule zetu, chini ya nyimbo zetu nzuri, na inatokea mahali tusipotegemea: kwa mtoto wa kipaimara aliyeinua mkono, kwa mzee aliyenyamaza miaka sabini. Mtu anaweza kuziba chemchemi kwa mawe. Maji hayatakoma, yatatafuta mahali pengine, na yakitoka kwa nguvu hubomoa. Afadhali yachimbiwe mfereji, yapite penye mwanga, yanyweshe.

Katika kikao cha kwanza cha wazee wa kanisa mwaka uliofuata, mzee wetu ndiye aliyetoa hoja, na kikao kiliikubali bila kupiga kura. Kila Desemba 26, usharika wetu unapomkumbuka Stefano, tunawataja kwa sala moja Ovir na Segebrock na wasaidizi wao. Tunawataja watu wa Meru na Arusha waliouawa kwa kisasi, jambo ambalo baba zetu walishiriki. Tunawataja wale 19 wa mwaka 1900. Na tunawataja wapagazi waliokufa bila majina, wakiwamo waliopita hapa Kahe. Sala haina maelezo marefu. Anayeisoma ni mtoto wa kipaimara, na kabla ya kuisoma huuliza kwa sauti mbele ya usharika wote: hawa ni nani? Na mzee mmoja husimama kujibu.